Tulivyofungua Darasa la Watoto Wadogo: Kutoka Roma na Mombasa hadi Kamembe



 

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, tumeulizwa mara nyingi, hasa baada ya swala ya Ijumaa, kwa nini katika madrasa yetu hapa Kamembe watoto wa miaka mitatu na minne siku hizi hawakai tena mkeka mmoja na wakubwa, na kwa nini wanaonekana wanacheza tu na vizibo na kokoto ilhali wazazi wamewaleta kusoma. Mzee wetu mmoja alisema mbele za watu kwamba fimbo imetuanguka mkononi. Swali ni la haki na jibu lake ni refu kidogo, kwa hiyo tumeona tuliandike.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza mboga Bukavu alituletea mwanawe, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne. Hakuwa na pa kumwacha. Tulimpokea kwa kumsaidia mama, tukamkalisha mstari wa nyuma, tukampa juzuu. Mtoto hakukaa. Kila tukigeuka yuko mlangoni anapanga viatu vya wenzake. Anatafuta kandambili ya kulia na ya kushoto, anaziweka pamoja, kisha anazipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa. Akimaliza anazivuruga na kuanza upya. Sisi tuliona ni utundu. Tulimrudisha kwa sikio, siku nyingine kwa fimbo. Wiki ya tatu akawa anajikojolea akituona tu tunaingia. Wiki ya nne hakuletwa tena, na tulipouliza tukaambiwa wamehamia upande wa Bugarama. Hatukumtafuta.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mwanafunzi wetu wa zamani, binti aliyesomea ualimu wa watoto wadogo Kampala, alikuja likizo akakaa nasi asubuhi moja darasani. Hakutulaumu. Alituuliza tu: "Ustadh, hawa wadogo wanafanya nini hapa saa mbili nzima?" Tukamjibu wanasikiliza. Akacheka kwa adabu, akaanza kutueleza habari za Maria Montessori.

Huyu alikuwa daktari wa Italia, aliyezaliwa 1870 na kuhitimu udaktari Roma mwaka 1896, wakati wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wa kuhesabika. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua chumba cha watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa mafukara. Kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo pale na kuyapangisha kwa familia za vibarua. Baba na mama wakienda kazini, watoto ambao hawajafika umri wa shule walibaki peke yao wakichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye majengo wakapiga hesabu, wakaona fedha za kupaka rangi kila mara bora zilipie chumba na mwalimu. Ndiyo asili ya shule ambazo leo katika miji mikubwa ni za watoto wa matajiri! Zilianza kwa watoto wa vibarua, kwa fedha zilizookolewa kwenye rangi ya ukuta.

Kilichotugusa zaidi ni kanuni zilizobandikwa pale. Wazazi hawakutozwa ada, lakini walikuwa na wajibu: mtoto aletwe msafi na nguo zake safi, mwalimu aheshimiwe, na mama aje kuzungumza na mwalimu walau mara moja kwa wiki juu ya mwenendo wa mwanawe. Mtoto anayeletwa mchafu kwa ukaidi, au mzazi anayeharibu malezi nyumbani, anarudishwa. Mwalimu naye aliishi jengo lile lile, kwa hiyo hakuwa mgeni kwao. Montessori mwenyewe alisisitiza kwamba shule ile ni mali ya wakazi wote kwa pamoja, imewekwa ndani ya nyumba yao.

Kisha binti yule akatusimulia habari ya msichana wa miaka kama mitatu. Alikuwa na ubao wenye matundu na vipande vya mbao vya mviringo, kila kipande na tundu lake. Akavitoa, akavirudisha, akavitoa tena. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka ili aone kama atakatisha. Hakukatisha. Akamnyanyua na kiti chake akamweka juu ya meza, mtoto akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa furaha kama aliyeamka usingizini. Tangu hapo Montessori akashika kwamba mtoto mdogo anaporudia kitu kwa mikono yake, akili yake iko kazini, na mkubwa hana haki ya kumkatisha.

Tuliposikia hayo tulinyamaza, wallahi. Tulikumbuka kandambili.

Sasa, wapo watakaosema, na wameshasema, kwamba mama huyu alikuwa Mkatoliki, sisi tuna nini naye? Kwanza, namna ya kumpa mtoto mdogo kazi ya mikono si akida. Vita Kuu ya Pili ilimkuta India, alikokwenda mwaka 1939 kwa miezi michache akakaa mpaka 1946, na huko alifundisha walimu zaidi ya 1,000. Pili, hili la upole kwa watoto halikuanzia Roma. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba hakuwahi kuambiwa hata "uff", wala kuulizwa kwa kukaripiwa kwa nini amefanya hivi au hakufanya vile. Hadithi hii tumeisomesha kila mfungo sita, na fimbo iko kwapani.

Lakini mfano uliotupa moyo hasa ni wa Waislamu wenzetu wa pwani. Historia yao inafanana na yetu. Hapa Rwanda, zama za Wabelgiji, shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu waliogopa kupeleka watoto wasije wakabatizwa. Wakabaki na biashara, udereva na ufundi, na sisi wajukuu tukarithi kuwa nyuma kielimu. Pwani ya Kenya kulikuwa na hofu hiyo hiyo na matokeo hayo hayo. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwendea Aga Khan wa 4 (aliyefariki Februari 2025) wakamwomba msaada ili watoto wao wafanye vizuri shuleni bila kupoteza dini. Aga Khan ni imamu wa Waismailia, na wazazi wengi wa pwani ni Masunni wa madhehebu ya Shafii. Hilo halikuzuia maslahi ya watoto.

Kazi ilimwangukia mwalimu mmoja wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Alizunguka misikitini na majumbani akizungumza na wazee na akina mama kabla hata ya kufungua mlango wa darasa. Mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa, mwaka 1990 ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Katikati ya miaka ya 2000 chekechea hizo zilikuwa zimepita 200 katika nchi hizo tatu. Tuseme ukweli, mfumo wao hawakuuita Montessori. Walichukua zaidi njia ya High/Scope ya Marekani, wakaichanganya na Qur'ani, dua, nyimbo na hadithi za pwani. Lakini ukiingia utakuta yale yale: pembe za kazi mbalimbali, vitu viko chini mtoto anapofikia, mtoto anachagua, na mwalimu anachuchumaa naye badala ya kumsimamia kichwani. Vifaa vyao vilikuwa vifuu vya nazi, vizibo, mbegu, vitambaa, makopo.

Na pale ndipo panapotuhusu sisi tusio na fedha. Hawakujengewa shule. Jamii inayotaka chekechea ilitoa chumba au kiwanja, ikachagua kamati yake, ikatafuta mabinti wa mtaa wenyewe wa kufundishwa ualimu, wengi wao wenye elimu ya sekondari tu. Kituo cha mafunzo kilitia saini mkataba na jamii, kikawafuata darasani kwa miaka kama miwili, kisha jamii ikasimama yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa katika nchi zote tatu, ulionesha kuwa watoto wa chekechea hizi walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa chekechea nyingine. Matokeo hayo yalitokana na mabinti wa mtaani na vifuu, wazazi wenzetu.

Mfano wa Montessori yenyewe mikononi mwa jamii uko Nakuru, Kenya. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 na 2008, waliofukuzwa makwao waliwekwa katika kambi iliyoitwa New Canaan. Humo ilianzishwa shule ya Montessori inayoitwa Corner of Hope, na walimu wake walitafutwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe na kufundishwa. Sisi wa Rwanda hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto aliyeona nyumba ikiungua kupewa mahali ambapo kila kitu kina nafasi yake na hakuna anayempigia kelele.

Basi tukarudi kwetu. Tulianza na kona moja tu, nyuma ya madrasa, na watoto tisa. Fundi seremala aliye jirani alitukatia rafu ya chini kwa mabaki ya mbao za machungwa. Binti yetu wa Kampala alitufundisha kukata herufi kwa msasa na kuzibandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, mtoto apitishe kidole kwenye alif na ba huku akitamka. Montessori alifanya hivyo kwa herufi za Kilatini, nasi tumefanya kwa za Kiarabu pia. Kidole kinakumbuka kabla jicho halijakumbuka. Tumeona mtoto wa miaka minne akichora "waw" mchangani wakati anangoja chai, na hakuna aliyemwamuru.

Si kila kitu kilikwenda. Mwezi wa kwanza vizibo viliibwa vyote. Kina baba kwenye kamati walihudhuria kikao cha kwanza, cha pili wakatuma salamu. Akina mama ndio waliobaki. Wao ndio waliopanga kwamba asiye na ada alete sabuni, au afike Alhamisi kuosha mikeka, na kwamba kila mzazi akae darasani asubuhi moja kwa mwezi. Hili la kukaa lilipingwa sana, kwa sababu anayeuza sokoni akikosa asubuhi amekosa chakula cha siku. Mpaka sasa hatujalimaliza. Wengine hutuma bibi wa mtoto, na tumegundua mabibi ndio wasaidizi bora kuliko wote, ingawa hawaachi kuwafunga watoto viatu ambavyo tunataka wajifunge wenyewe.

Na sisi wenyewe bado tunajifunza. Mkono wa miaka ishirini ya fimbo hauachi kwa mwezi. Siku moja mtoto alimwaga birika la maji ya udhu alilokuwa akijifunza kumimina, nasi tukajikuta tumeinua sauti. Akatutazama, akaenda kuchukua kitambaa kwenye msumari wake, akafuta. Sisi ndio tuliobaki tumesimama.

Viatu vya mlangoni sasa vinapangwa na watoto wenyewe kila asubuhi, na ni kazi inayogombewa. Yule mwana wa mama wa mboga leo atakuwa kijana. Mwaka jana tulikwenda Bugarama kwenye maziko, tukauliza kwa watu wawili watatu pale msikitini. Hawakumjua. Kama kuna msomaji wetu wa huko anayeifahamu familia iliyohama Kamembe, mama akiuza mboga Bukavu, tafadhali atufikishie ujumbe kwamba ustadh anaomba radhi na angependa kuwaona.

Mwisho, kwa wazazi walio karibu: herufi ya jim na ya kha zimechakaa, msasa umeisha, na rafu inataka ubao wa tatu. Mwenye mabaki ya mbao asiyachome, tutayafuata kwa miguu. Kikao cha kamati ni Jumamosi baada ya Alasiri, na tunawaomba kina baba wasitume salamu.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullaah.