Trekta kuukuu za Ukambani: Ipi itakufaa mvua ikibisha hodi?

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hawakukosea, kwa maana jembe la mkono halina pistoni wala pampu ya dizeli. Lakini tembea leo katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mvua huja ghafla na kuondoka bila kuaga, nawe utaona kwamba mkulima asiyechagua trekta yake kwa makini aweza kupoteza msimu mzima akisubiri kipuri cha ukubwa wa kidole.

Basi msomaji, twende safari. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, mji unaojulikana kwa mkonge wa shamba la Dwa, unakata kushoto kuelekea Kitui. Unavuka mto Athi, unapanda uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu wa mawe ya volkeno ulionyooka kwa karibu kilomita 300, kisha unapita Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini. Udongo ni mwekundu, mibuyu imesimama kama walinzi, na mito midogo ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka.

Njiani utakutana na ng'ombe na plau mara nyingi kuliko trekta. Na trekta zenyewe, usishangae ukiona zilizoundwa kabla ya dereva wake kuzaliwa: nyekundu za Massey Ferguson, za buluu za Ford na, kwa nadra, nyeupe ya David Brown.

Kwa nini uzee huu uwe jambo la kuzungumziwa? Sababu ni mvua. Tofauti na sehemu nyingi za nyanda za juu, Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Ndiyo maana watafiti wa Katumani, karibu na Machakos, walizalisha mahindi ya kukomaa haraka. Mbegu iliyochelewa kuingia ardhini hukuta unyevu umekwisha kabla ya kutoa punje.

Tena trekta moja huwa si ya familia moja. Mwenyewe hulima lake, kisha hukodishwa na majirani kwa zamu. Ikilala siku kumi kando ya njia, anayeumia zaidi ni yule mama aliye mwisho wa foleni, ambaye mumewe yuko mjini akitafuta karo. Kwa hiyo swali la kwanza si trekta ipi ina nguvu zaidi, bali hili: ikiharibika leo, itarudi shambani lini?

NYEKUNDU YA WATU

Massey Ferguson 135 ilianza kuundwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1964, ikarithi kazi ya MF 35. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, yenye nguvu za farasi zipatazo 45. Si jitu, lakini ni nyepesi, fupi na hugeuka mahali padogo. Sifa hiyo ni kubwa katika milima kama Mbooni, ambako mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu na nafasi ya kugeuzia ni haba.

Nguvu yake kuu, hata hivyo, iko dukani. Viwanda vya TAFE huko India na Millat huko Pakistan viliendelea kuunda trekta za ukoo huo huo, na injini hiyo ya Perkins ilitumika pia katika MF 240. Hivyo vipuri vyake havikufa na kiwanda cha Uingereza. Fundi hupiga simu asubuhi kwa maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Silinda zikilika, slivu za zamani hutolewa kwa kushindiliwa na mpya zikaingizwa. Bloku husalia ile ile.

BULUU YENYE KIFUA

Ford 3000 na kaka yake mkubwa, Ford 5000, zilitoka wakati huo huo wa miaka ya sitini. Ile ya 5000 ina silinda nne na uzito wa kutosha kuvuta plau ya diski tatu katika ardhi iliyokauka ikawa kama saruji. Mwenye shamba kubwa na tambarare atafurahia kifua chake.

Tatizo huja uzeeni. Ford hizi hazina slivu kiwandani. Pistoni hukimbia ndani ya bloku yenyewe. Zikilika, injini yote hushushwa na bloku kupelekwa kukerezwa kwenye karakana yenye mashine maalumu. Kazi ikifanywa vizuri trekta hudumu, lakini haifanyiki chini ya mwembe. Mwaka 1991 Ford iliiuzia Fiat biashara yake ya trekta, na buluu ikaendelea kwa jina la New Holland.

NYEUPE ISIYO NA NDUGU

David Brown 990 ilikuwa mashine madhubuti, na slivu zake za kuzungukwa na maji hutoka kwa urahisi kuliko za ile nyekundu. Lakini kiwanda chake cha Meltham, Uingereza, kilifungwa mwaka 1988. Uimara bila vipuri ni kama kisima kirefu bila kamba. Inunue tu ikiwa unajua mahali ilipo nyingine ya kuinyofoa.

NA TREKTA YA MKONO?

Mwenye bustani ya ekari moja au mbili huvutiwa na trekta ya magurudumu mawili, ambayo mkulima huifuata kwa miguu. Injini ni ya silinda moja; kuna pistoni moja na nozo moja, hivyo fundi wa kijijini huimaliza kwa siku. Isitoshe, injini nyingi za namna hii huweza kufungwa mkanda zikapiga maji au kusaga mahindi. Kando ya mto Athi, penye mboga na udongo laini, ni rafiki mwema. Lakini ukiipeleka kwenye ardhi kavu isiyowahi kuguswa na plau, uzito wake ni mdogo mno. Itarukaruka kama mbuzi na kukuchosha mikono. Hapo ng'ombe bado ni bora.

KABLA YA KUTOA PESA

Ukienda kuangalia trekta kuukuu, fika kabla haijawashwa na uguse injini. Ikiwa ina joto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuiwasha. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Inua plau kwa haidroli, zima injini, kisha utazame. Ikishuka mara moja, kuna uvujaji ndani. Moshi wa buluu usiokoma ni ishara ya ringi au slivu zilizochoka.

Na ukishainunua, chuja dizeli ya madebe kwa kitambaa safi na ubadilishe filta mapema. Vumbi na maji huua pampu ya dizeli, na pampu hiyo haitengenezwi na kila mtu. Hata ile nyekundu ya watu itakulaza hapo.

Kwa mkulima wa kawaida wa Kitui au Makueni, basi, nyekundu ndiyo yenye usalama zaidi. Si kwa kuwa haiharibiki, bali kwa kuwa hupona haraka. Ifungueni Agosti, itengenezeni Septemba. Wingu la kwanza la Oktoba halimsubiri fundi.