Mapezi Mapya, Pumzi Ileile

Ami yangu ana mapezi ya plastiki aliyoyanunua kabla mimi sijaanza shule. La kushoto lilipasuka kisiginoni miaka mingi nyuma, akalifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Bunduki ya mshale hagusi, imepigwa marufuku Kenya. Ana chuma chake cha pweza na mikono yake miwili. Kwa vitu hivyo amezamia upande wa Shimoni na kusomesha watoto wanne. Ndiyo maana siku niliyomletea mapezi yangu ya kaboni ayaone, niliyaweka mkekani polepole. Sikutaka adhani nimekuja kumringia.

Nilikuwa nimeyanunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, shilingi elfu kumi na tano, bei ya kutupa kwa kitu kama hicho. Ami aliokota moja, akalipima uzito mkononi.

"Hili pezi au karatasi?"

Akashika ncha, akalipinda kidogo, akaliachilia. Likarudi, pap! Akarudia. Mara ya tatu akacheka.

Hapo alikuwa ameshaelewa kila kitu. Uzi mmoja wa kaboni ni mwembamba karibu mara kumi kuliko unywele wa kichwa. Nyuzi hizo hufumwa zikawa kitambaa, vitambaa vikapangwa tabaka juu ya tabaka, vikashikanishwa kwa gundi ya epoksi hadi vikakauka na kuwa ubao mmoja. Karibu na mguu tabaka ni nyingi, kwenye ncha ni chache, kwa hivyo pezi hupinda taratibu urefu wake wote badala ya kukunjika mahali pamoja. Plastiki nayo hupinda, lakini ni nzito, tena mvivu: ukipiga teke, sehemu ya nguvu yako inapotelea humo humo ndani. Kaboni inakurudishia sehemu kubwa ya kile ulichoipa. Mguu unafanya kazi kidogo, na msuli usiochoka hauli oksijeni nyingi. Kwa mtu anayezamia bila mtungi, hiyo si hesabu ndogo.

Nilianza kuyavaa siku za maji mafu, wakati wa kaskazi, bahari imetulia na chini kunaonekana. Wallahi, nilijiona samaki. Pima sita ambazo zilikuwa zikinitoa jasho, sasa ni mateke machache tu na mwamba huu hapa. Wiki haijaisha, nikawa nafika pima kumi.

"Unashuka kama nanga," ami aliniambia, ameshika ubavu wa dau. "Kupanda je?"

"Kupanda rahisi vilevile, ami."

Hakujibu. Alitema mate kwenye miwani yake, akaisuuza.

Siku iliyofuata nilimwona kamba mawe ndani ya ufa, kama pima kumi na moja hivi. Ndevu zake tu ndizo zilizokuwa nje. Nikangoja atoke. Zamani, nikiwa na mapezi ya kuazima, miguu ingekuwa imeshaanza kuwaka moto, na ule moto ndio uliokuwa saa yangu: ukiwaka, nageuka. Siku hiyo miguu ilikuwa kimya kabisa. Kifua kilibisha hodi mara mbili tatu, nikakipuuza. Nilijiambia, na mapezi haya, kupanda ni dakika gani?

Nakumbuka kuona kitako cha dau juu yangu. Kutoka majini sikumbuki.

Ami anasema nilitokeza kichwa, macho wazi, nikamtazama usoni, kisha nikaanza kuzama tena bila kuvuta pumzi. Alinikamata shingoni, akaniinua kidevu, akanivua miwani, akawa ananipuliza usoni na kunipiga makofi mepesi shavuni. "Pumua! Pumua, mwanangu!" Hajasoma kozi yoyote ya uzamiaji. Alimwona babake akimfanyia mwenziwe hivyo hivyo, miaka hiyo.

Baadaye nilisoma nikaelewa kilichonipata. Ukiwa mita 20 chini, shinikizo ni mara tatu ya lile la juu. Linaikandamiza hewa iliyo mapafuni, na hata oksijeni ikiwa imebaki kidogo, damu inaipata. Basi unajisikia mzima. Ukipanda, shinikizo linapungua, na katika zile mita 10 za mwisho linapungua kwa nusu. Oksijeni iliyokutosha kule chini haikutoshi tena. Ndiyo maana watu wengi huzimia karibu na juu, au wakiwa wameshatoka kabisa. Mapezi yanakupunguzia matumizi ya pumzi. Hayakuongezei pumzi, wala hayakuambii imebaki kiasi gani.

Aliponivuta kuniingiza dauni, pezi moja liligonga ubavu wa mbao. Tek! Plastiki ingekwaruzika tu. Kaboni ikichapwa kwa ukingo haibonyei, inapasuka. Ufa ulikuwa mwembamba, urefu wa kidole. Tulirudi pwani bila kusema neno, mimi nikiwa na hakika ataniambia niyatupe.

Alipofika nchi kavu aliupitishia ufa ule ukucha wake, huku na huku.

"Gundi yake Mombasa ipo?"

"Ipo, ami."

"Basi yatengeneze. Lakini kuanzia leo, wewe ukishuka mimi niko juu. Mimi nikishuka, wewe uko juu. Na ukitoka unapumzika mara mbili ya muda uliokaa chini."

Maisha yake yote ami alikuwa akishuka peke yake, mwenzake akihangaika na mshipi upande wa pili wa mwamba. Sikumkumbusha hilo.

Jumapili iliyopita aliniomba ayajaribu. Miguu yetu ni saizi moja. Aliyavaa akiwa amekaa ukingoni mwa dau, akayatazama kama mtoto anayetazama viatu vya Idi, kisha akavuta pumzi na kugeuka kichwa chini. Mateke manne, hakuonekana. Nikaweka uso majini, nikaanza kuhesabu. Nilifika sitini na nane ndipo nikaona upara wake ukipanda taratibu, nami nikamsogelea, mkono tayari.