Ngoma Mlangoni mwa Darasa: Safari Yetu ya Baraka na Fizi

Wasomaji wetu wengi hulijua jina la Baraka kwa ajili ya samaki wake, na jina la Fizi kwa ajili ya vita vyake. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo kabla ya kwenda. Tuliondoka Uvira mwezi wa Septemba 2024, majuma machache baada ya sherehe kubwa ya tarehe 18 Agosti, siku ile Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza kuwa Wenye Heri mashahidi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Hao ndio Padre Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin na Padre Giovanni Didonè, Waitalia wa Shirika la Waxaveri, pamoja na Abbé Albert Joubert, mwana wa nchi hizi za ziwa, ambaye baba yake alikuwa Kapteni Joubert Mfaransa na mama yake Mwafrika. Nia yetu ilikuwa kupaona mahali walipoanguka na kusali hapo. Tulisali kweli. Lakini jambo lililotukaa moyoni hata leo tulilikuta darasani, mahali ambapo hatukuwa na nia ya kuingia.

Toka Uvira hata Baraka ni kilomita zipatazo 90, na mwenye kuzisikia kwa sikio tu atadhani ni mwendo wa saa mbili. Aulize waliopita! Barabara huambatana na ziwa, mlima mkono wa kuume, maji mkono wa kushoto, na kila mto ushukao kutoka Itombwe huikata barabara kama upendavyo. Twapita Makobola, ambako watu wengi waliuawa mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, na abiria wote ndani ya gari wakanyamaza pasipo kuambiana. Twapita Swima na Mboko. Twapita Lusenda, ambako wakimbizi wa Burundi walijengewa kambi. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda kuliko wazee walivyozoea kuliona, nyumba za ufukoni zimesimama ndani ya maji, minazi na michikichi imeota ziwani kama milingoti ya merikebu zilizozama.

Baraka yenyewe imekaa juu ya ghuba nzuri ambayo ramani huiita kwa jina la Burton, yule Mwingereza aliyepita sehemu hizi mwaka 1858 akitafuta chanzo cha Nili. Mbele yake, ng'ambo ya maji, rasi ya Ubwari imelala kama mamba aliyeshiba. Karibu na rasi hiyo ndipo Mapadre Weupe walipofungua misioni ya Kibanga mwaka 1883, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Misioni ile haikudumu miaka mingi, watu wake wakahamia kusini. Hata hivyo twaweza kusema kwamba shule kandokando ya ghuba hii ina umri wa zaidi ya miaka mia na arobaini, nayo tangu mwanzo ilikuwa na watoto waliofika bila mama zao.

Sasa tuingie darasani. Tulikuwa tukingoja gari ya kupanda Fizi, nayo gari haikuja, basi kijana mmoja mwalimu wa darasa la tatu akatukaribisha tupumzike kivulini mwa shule yake. Jina lake na la shule hatutayataja, maana mwenyewe alituomba. Wanafunzi walikuwa sabini na zaidi, wanne wanne katika benchi la watatu. Tangu mwaka 2019 serikali ilipotangaza shule ya msingi kuwa bure, watoto wamejaa, lakini mabenchi hayakuzaliana kama watoto.

Somo lilikuwa kuzidisha. Mwalimu hakuandika kitu ubaoni. Aliwaambia watoto wa benchi la mbele wawe wapiga kasia, akaanza wimbo wa wavuvi, ule wanaouimba watu waendao usiku na taa zao kuvua ndagala. Wimbo ule una kituo: kila baada ya makasia manne, pigo moja zito. Watoto wakapiga mbao za mabenchi kwa viganja. "Kasia nne, vituo vitatu: tumepiga mangapi?" Sauti sabini zikajibu kumi na mbili. "Vituo saba?" Hapo sauti zilipungua, ila msichana mmoja mdogo wa nyuma akaendelea kupiga benchi peke yake polepole, midomo ikihesabu, mpaka akafika ishirini na nane. Hakuna aliyemcheka. Tuliona kwa macho yetu kwamba wimbo ulikuwa umempa mahali pa kushika, kama kamba mkononi mwa mtu avukaye mto.

Baadaye alituonyesha uani kazi ya juma lililopita. Watoto walikuwa wamechota udongo wa mfinyanzi karibu na mto Mutambala, wakafinyanga juu ya ubao mpana ghuba nzima: Ubwari, milima, mito, na Baraka ikiwa kipande cha kigae. Milima ilikuwa imepasuka kwa jua. Ukutani palikuwa na picha zilizochorwa kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, iliyokung'utwa na kukatwa kwa kisu. Nyingi zilikuwa picha za mitumbwi, kuku, na mpira wa miguu. Mbili au tatu zilikuwa za nyumba zinazowaka. Tulimwuliza mwalimu kama huwaagiza watoto kuchora mambo hayo. Akasema la, wala hawakatazi, aliyemaliza kuchora nyumba inayowaka humwuliza jambo moja tu: "Na hapa pembeni, nani alikuwa amesimama?" Mtoto akitaka kumchora, humchora, asipotaka, huachwa.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba wazazi wote hufurahi. Mama mmoja muuza samaki alitukuta pale pale, akasema mbele yetu bila kuona haya, "Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta ajifunze Kifaransa na hesabu. Kufinyanga, nyanya yake ajua." Mwalimu akacheka, akamjibu, "Basi, Mama, mlete na nyanya." Tulidhani ni mzaha. Kumbe alikwisha kumleta mara moja, na bibi kizee yule alikaa asubuhi nzima akawaonyesha watoto jinsi chungu kinavyopimwa kwa shubiri na vidole, kwa nini hukaushwa kivulini siku kadhaa kabla ya kuona moto, na kwa nini udongo mtupu bila mchanga hupasuka. Ndipo walipojua kosa la milima yao. Kisha wakaandika hayo yote kwa Kiswahili, sentensi tano kila mmoja, na mwalimu akawasaidia kuyageuza mawili matatu kwa Kifaransa.

Hata hivyo mama yule hakukosa kabisa, na si haki kumwona mjinga. Yeye atoa fedha ya daftari kutoka katika dagaa za kuanikwa. Ajua kwamba mwishoni mwa darasa la sita mtihani wa taifa hautamwuliza mwanawe habari za vyungu. Saa za kuchora na za kuimba zimo katika ratiba ya serikali, lakini katika shule nyingi hesabu huzimeza, na mwalimu mwenye wanafunzi sabini hupimwa kwa idadi ya waliofaulu. Yule anayeziweka sanaa ndani ya hesabu yenyewe, badala ya kuzitafutia saa yake peke yake, ametafuta njia ya kumjibu mama huyo. Kama jibu lamtosha, hatujui. Siku ile aliondoka akitikisa kichwa, lakini alipita kwanza kuitazama ramani ya udongo, akaonyesha kwa kidole kwamba kijiji chao kimewekwa mahali si pake.

Jambo hili la sanaa katika shule za misioni lina historia ndefu hapa Kongo, nayo si ya sifa tupu. Tunamkumbuka Bruda Marc Stanislas, aliyeanzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ambayo baadaye ilihamia Léopoldville na kuzaa Chuo cha Sanaa cha Kinshasa. Tunamkumbuka Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliyeimba pamoja na walimu na watoto wa Kamina ile Misa Luba ya mwaka 1958 iliyosikika dunia nzima. Lakini katika shule nyingi za vijijini ngoma ilikuwa kitu cha kukatazwa, na mtoto aliyeshikwa akicheza michezo ya kwao alipigwa fimbo. Mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale kwa majimbo ya Zaire, na tangu hapo ngoma na mwendo wa mwili vimekaa katika Misa yetu bila mashaka. Basi twajiuliza: ngoma iliyokwisha kufika altareni, yasimamishwa kwa nini mlangoni mwa darasa?

Swali hilo tulilichukua mpaka Fizi. Njia yapanda kuelekea kusini-magharibi, baridi yaanza, na ukigeuka nyuma waliona ziwa limekuwa bluu bila mawimbi, kama bamba la chuma. Huko juu tulidhani jibu litakuwa jepesi. Halikuwa.

Walimu wa shule moja ya Fizi walikuwa wamekata shauri kwamba watoto watengeneze kwa makaratasi kinyago cha kale cha Wabembe kiitwacho 'alunga: kile cha mti chenye nyuso mbili, mbele na nyuma, macho yamezungukwa na rangi nyeupe, na utosini manyoya na miiba ya nungu. Wengi wa walimu hao walikuwa hawajakiona isipokuwa katika picha. Vinyago vya namna hiyo vilikwenda Ulaya zamani, na mtu atakaye kusoma habari zake hana budi kuzitafuta kwa Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji aliyekaa kwa Wabembe na Warega. Walimu waliona uchungu, na kwa haki, kwamba mtoto wa Brussels aweza kuona kazi ya mababu wa Fizi na mtoto wa Fizi hawezi.

Katika mkutano wa wazazi baba mmoja alisimama akasema kwamba huo ni upagani na misioni haiwezi kuuleta tena. Tulilitazamia neno hilo. Lakini mzee wa pili, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa mila, alikataa vikali zaidi. Alisema, "Kitu kile hakikuwa cha watoto, wala hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na siku zao. Nyinyi walimu mwataka kukipenda kwa kukifanya mchezo. Wazungu walikichukua, nanyi mtakichukua mara ya pili." Chumba kikawa kimya. Tukiri kwamba kabla ya hapo tulikuwa upande wa walimu, tena kwa moyo wote. Baada ya hapo hatukuwa na uhakika. Walimu waliachana na kinyago. Wakamwomba mzee yule yule aje afundishe hadithi na vitendawili vya Kibembe, naye akakubali, kwa sharti kwamba watoto wasivisome daftarini kabla ya kuvishika kichwani.

Siku ya mwisho tulialikwa kuona mchezo wa darasa la sita juu ya Wenye Heri. Abbé Joubert aliigizwa na kijana mrefu aliyevaa kanzu ya mtumishi, ikamfika magotini tu. Padre Didonè alikuwa na kofia ya majani ya mgomba. Yote yalikwenda vizuri mpaka walipohitaji mtu wa kushika bunduki. Mwalimu aliita majina saba, hakuna aliyetaka. Mmoja alisema wazi, "Mwalimu, hiyo nimeiona nyumbani." Basi mwalimu mwenyewe akachukua fimbo ya ufagio, akasimama mlangoni. Mpiga ngoma akaanza kupiga kwa nguvu, kama katika sinema, ili mauti ije kwa kishindo.

Katekista mmoja mzee, ambaye mwaka 1964 alikuwa mtoto wa shule, aliinua mkono wake. "Nyamazisha ngoma, mwanangu," akasema. "Ngoma ipigwe kabla, wakiwa hai na watu wao. Na ipigwe tena baadaye. Hapo katikati, acha." Kijana akaweka viganja vyake juu ya ngozi ya ngoma kuituliza. Mchezo ukaendelea kwa kimya, tukasikia mvua ikianza juu ya mabati.

Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Bukavu, na watu wengi wakakimbilia kusini kando ya ziwa. Baadaye yule mwalimu wa Baraka alituletea barua fupi. Ramani ya udongo imevunjwa na mvua. Darasa limeongezeka watoto waliotoka kaskazini, baadhi yao hawajui wimbo wa wavuvi kwa kuwa hawajapata kukaa ziwani. Wale wa zamani wanawafundisha wakati wa mapumziko. Aliomba, kama yawezekana, sanduku moja la chaki za rangi, na akaongeza chini ya jina lake kwamba bluu ndiyo huisha upesi.