Simu Niliyoinyang'anya

Muhula uliopita, katika darasa la biashara hapa Singida, nilimnyang'anya simu binti mmoja aliyekuwa akiandika ujumbe wakati nikieleza mnyororo wa thamani. Nilimrudishia baada ya saa mbili. Jioni alikuja ofisini, si kulalamika, bali kuomba radhi. Nilimuuliza alikuwa akiwasiliana na nani. Akanieleza kwamba alikuwa akimtafutia mama yake, mkulima wa vitunguu kule Mkalama, mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa kuwa dalali alikwisha kufika shambani akidai lumbesa. Mnunuzi hakusubiri. Mama akamuuzia dalali. Ada ya binti ilikuwa ndani ya magunia yale.

Ndugu msomaji, niliona haya. Nilichokuwa nikikichora ubaoni, mwenzangu alikuwa akikitenda.

Sisi tuliosomea biashara mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulisoma ili tuajiriwe. Wazazi wetu walilelewa na Azimio la Arusha la 1967, lililowakataza viongozi kumiliki hisa katika makampuni. Kisha wakashuhudia msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Kwao mfanyabiashara alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, hata kama mtoto wao alisomea biashara. Tuliota meza ya benki, mshahara wa mwezi na kiinua mgongo. Vijana wa leo walikuwa watoto wadogo M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Hawangoji tangazo la kazi. Soko wanalo kiganjani.

Hata hivyo, nisiwapambe kupita kiasi. Nilipolileta suala la lumbesa darasani, bila kumtaja binti, vijana wengi walisema hayo ni makubaliano ya soko. Aliyewapinga ni mtumishi wa halmashauri, rika langu, aliyerudi kusoma baada ya miaka mingi kazini. Aliwaeleza kuwa sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na kwamba Wakala wa Vipimo upo kwa ajili hiyo. Akaongeza kuwa vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982, lakini vingi havikupata tena nguvu ya awali. "Mkulima aliye peke yake," alisema, "hana sauti mbele ya dalali, hata akiwa na simu."

Darasa lilitulia. Kijana anajua kumpata mnunuzi. Mtu mzima anajua kwa nini muuzaji mmoja hupunjwa. Kila rika lina nusu ya somo, nasi walimu huzipima nusu hizo kwa mtihani mmoja, kila mtu kimya kwenye dawati lake.

Muhula huu nimewapanga wawili wawili, kijana na mtumishi, waende sokoni na mizani, wapime magunia, waandike walichokiona. Simu zinaruhusiwa. Deni langu kwa mama wa Mkalama, hata hivyo, bado sijalilipa.