Dinari, Sanamu na Vina

Neno letu dinari asili yake ni denarius, sarafu ya fedha ya Warumi iliyobeba sura za miungu, kama Jupiter. Sarafu za pwani yetu zilibeba maneno. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, si mji wetu wa Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha. Sarafu ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja. Wa pili husema kwa Kiarabu kuwa humtegemea Mola, na pande hizo zina vina.

Sisi wa Mbau, tuliokumbwa na vita vilivyoanza mwaka 2017 kwa kisingizio cha dini, tuwafundishe wanafunzi hayo: jina la Mola lilipita sokoni, mkono kwa mkono, bila kumtisha mtu.