Nilimnyima mama vidonge vyake

Vidonge vya kuzuia damu isigande nilivificha mimi, nyuma ya gunia la maharage. Daktari aliponiuliza kama mama anavimeza, nikamjibu kwamba anavimeza kila jioni. Mama alikuwa amelala palepale, ananisikia.

Mama alivunjika shingo ya paja tulipokuwa tunakimbia Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Juni 2024, muda mfupi kabla waasi wa M23 hawajauteka mji tarehe 28. Aliteleza kwenye tope la njia ya Kayna, katikati ya watu wenye magodoro kichwani. Tulifika naye Butembo kwa taabu, ndugu wakachanga, tukamvusha mpaka wa Kasindi hadi Kampala, akawekewa nyonga ya bandia. Kuhusu upasuaji sina la kulalamika. Kila kilichoharibika baadaye kiliharibikia mikononi mwangu.

Tulirudi Butembo na maagizo mengi. Asikae kwenye kigoda cha jikoni, asichuchumae, asipishanishe miguu, kwa sababu nyonga mpya inaweza kuchomoka kabla nyama hazijaishika. Hayo niliyatimiza kwa mbwembwe. Seremala alitutobolea kiti, tukakiweka juu ya shimo la choo, na majirani wakaja kukitazama kama vile tumeleta gari. Lakini yalikuwapo maagizo mengine mawili: atembee kila siku kwa magongo, hata kama ni hatua chache, na ameze vidonge kwa wiki tano bila kuruka hata siku moja.

La kutembea lilinishinda kwa aibu. Tulikuwa wageni katika ua wa watu. Ningemwinuaje mwanamke mzee aliyetoka kwenye vita, akiugulia maumivu mbele ya waliokuja kumpa pole? Wao walimkuta amefunikwa vizuri, wakanisifu kwamba najua kuuguza. Nikazipenda sifa hizo, nikayaweka magongo nyuma ya mlango. Mama aliyadai mara kadhaa. Nilimwambia, “Pumzika kwanza, mama.”

Vidonge je? Asubuhi moja alisukutua mdomo, akatema damu ya fizi. Aliyeishi Butembo kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 hahitaji kuelezwa nilichohisi. Ebola ile iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Butembo, Katwa na Mabalako, na tangu hapo damu inayotoka mdomoni si jambo dogo kwetu. Niliogopa ugonjwa, na nikaogopa zaidi macho ya wenye nyumba. Dawa hizo hufanya damu iwe nyepesi kutoka, tulikuwa tumeambiwa. Ningeweza kumpigia daktari simu. Badala yake nikaamua peke yangu kwamba zinammaliza mama damu, nikazificha, na fizi zilipokauka nikajiona nina akili.

Kisha mguu aliopasuliwa ukaanza kuvimba kwenye shavu, ukawa wa moto na kuuma. Nikaukanda kwa maji ya moto, nikauchua kwa mawese, kwa nguvu, jinsi tunavyochua misuli iliyokaza. Kumbe ndani ya mshipa palikuwa na bonge la damu, na bonge kama hilo likikatika hupanda hadi kwenye mapafu na linaweza kuua papo hapo. Mama alipoanza kuhema akiwa amelala tu ndipo nilipompeleka hospitali.

Huko ndiko nilikosema ule uongo. Ekografi ikaonyesha mshipa umeziba. Daktari akashangaa: mgonjwa anameza dawa kila siku, mbona damu imeganda? Akaanza kumwambia mwenzake kwamba huenda dawa haimfai, au kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Alikuwa anatafuta jibu mahali ambapo halipo, na mimi nimenyamaza. Mama ndiye aliyesema, “Mtoto wangu, mwambie daktari.”

Nikamwambia yote, na vidonge, na magongo, na mawese. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikupiga simu kuhusu fizi. Pengine ingetosha kupunguza dozi au kumpa mswaki laini. Jibu sikuwa nalo.

Mama alipona, lakini alimeza dawa kwa miezi badala ya zile wiki tano, na mguu ule bado unavimba kila jioni.

Wewe unayemuuguza mtu aliyewekewa nyonga au goti, mwinue atembee jinsi alivyoagizwa, hata mbele ya wageni. Damu ikimtoka, muulize daktari kabla hujagusa dawa zake. Shavu la mguu likivimba na kuuma, usilichue, mpeleke siku hiyohiyo. Na akihema ghafla au kifua kikamchoma, usingoje kuche.