Kutoka Isangi Hadi Uwanja wa Lumumba: Asiachwe Mtu Ukingoni

Mahali mto Lomami unapomwaga maji yake katika mto mkubwa wa Kongo ndipo ilipo Isangi. Ni mji wa askofu, wa soko na wa mitumbwi. Kutoka hapo hadi Kisangani ni safari ya kilomita 125 hivi, kwa kupanda mto. Tangu zamani Walokele wa pande hizi wamesifiwa kwa biashara yao ya mtoni, na kwa ngoma zao za gogo zinazopeleka maneno mbali kama sauti ya mtu. Vijana wao, kama vijana wa Kongo nzima, wanapenda mpira wa miguu. Kutamani kwenda Kisangani kuuona Uwanja wa Lumumba, uwanja wa timu kama TS Malekesa na AS Nika, ni tamaa njema.

Lakini je, ni nani watakaokwenda? Parokia ikitangaza safari ya namna hiyo, wenye miguu mizima ndio wajiandikishao kwanza. Na yule aliyelemazwa na polio tangu utotoni? Na mzee asiyeweza kupanda ngazi, ambaye ndiye anayekumbuka vema habari za mwaka 1974? Mara nyingi hao huambiwa kwa upole wabaki nyumbani, wataletewa habari.

Tufahamu kwanza urithi tunaokwenda kuutazama. Mpira wa Kongo ulilelewa kwa sehemu kubwa na Kanisa. Padre Raphaël de la Kethulle wa Shirika la Scheut, aliyeitwa na watu Tata Raphaël, alijenga shule na viwanja mjini Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo. Uwanja wake mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 sasa una jina lake. Mwaka 1939 Wabenedikti wa Elisabethville, ndio Lubumbashi, waliwaundia wanafunzi wao timu ya Saint-Georges. Timu hiyo ndiyo TP Mazembe, ambayo kwa jina la Englebert ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Timu ya taifa nayo ilishinda Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968, na tena mwaka 1974.

Katika mashindano hayo ya 1974 Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, na hakuna aliyefunga mengi zaidi katika mashindano hayo ya mara moja. Miaka 20 baadaye wanyang'anyi walimpiga risasi ya mguu. Aliishi miaka mingi Afrika Kusini, na huko akafa mwaka 2019. Basi anayedhani kwamba ulemavu ni habari ya watu wengine, na amkumbuke Ndaye. Hata miguu iliyoshangiliwa na taifa zima yaweza kuumia kwa siku moja.

Sasa tuseme habari ya chombo. Katika nchi za Ulaya, kundi la namna hii hukodi basi lenye mashine ya kuinua kiti cha magurudumu, na kiti hufungwa sakafuni kwa mikanda. Kwetu Isangi basi letu ni mashua kubwa ya mbao yenye injini. Hata hivyo, mambo ya kupanga ni yale yale.

La kwanza ni kupanda. Ubao mmoja mwembamba wenye tope haumfai mtu wa magongo. Mbao pana zipigiliwe pamoja, ziwekewe vipande vya kuzuia kuteleza, na mwenyewe aulizwe jinsi apendavyo kusaidiwa. Yeye si gunia la mihogo. La pili ni mahali pa kukaa: chini, katikati ya mashua, penye kivuli. Na hapa mashua haifanani na basi: mtu asifungwe kamwe kwenye kiti chake, maana chombo kikipinduka kiti kitamzamisha. Kila msafiri avae koti la kuokolea. Tusafiri mchana tu, wala mashua isijazwe kupita kiasi, kwani mto wetu umekwisha kuwameza wengi kwa sababu ya usiku na mizigo. La tatu ni vituo vya kujisaidia, ambavyo wapangaji wengi huvisahau.

Huko Kisangani, toleka, yaani baiskeli ya kuchukua abiria, haimfai asiyeweza kujishikilia. Afadhali likodiwe gari lenye ngazi ya chini. Tena mtu mmoja atangulie, apime upana wa mlango wa uwanja, ahesabu ngazi, atazame na vyoo. Gharama za mambo haya zigawanywe kwa wasafiri wote, zisibebwe na mlemavu peke yake.

Wala tusiwahesabu ndugu hawa kuwa mzigo. Mjini Kinshasa, kwa miaka mingi, walemavu walivuka mto kwenda Brazzaville na baiskeli zao za magurudumu 3 zilizojaa bidhaa. Walipunguziwa nauli, nao wakawa wafanyabiashara hodari wa bandari ya Ngobila. Sheria nayo ipo: tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria haitateremka gatini kutandika ubao. Kazi hiyo ni yetu.

Katika Injili ya Marko twasoma habari za watu 4 waliomchukua mwenzao aliyepooza. Walipoona mlango umezibwa na watu, walifungua dari. Hawakumwambia angoje nyumbani aletewe habari za Yesu. Basi, viongozi wa vijana, mnapopanga safari, andikeni kwanza majina ya walemavu na wazee. Kisha ndipo mtafute mashua inayowafaa.